Nywila mbovu ikikubaliwa: majibu kwa barua za wasomaji

Toleo lililopita niliwaomba mfanye jambo dogo: muingie kwenye akaunti zenu wenyewe mkiwa mmekosea nywila kwa makusudi, kisha mniandikie mlichokiona. Barua zimekuja nyingi kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inahusu akiba za watu. Kwa wasomaji wapya: kazi yangu ni kukagua mifumo ya vyama vya akiba na mikopo kabla haijakabidhiwa kwa wanachama. Wanaoagiza mifumo hiyo karibu wote hujaribu nywila sahihi, wakaona inafungua, wakasaini. Mimi nalipwa kujaribu ile isiyo sahihi.

SWALI: Dada, salaam. Mimi ni mweka hazina wa SACCOS yetu hapa Morogoro. Pasiwedi yangu ni ndefu na nilikuwa na imani nayo. Nilipofanya jaribio lako nilifuta herufi ya mwisho, ikafunguka. Nikafuta nyingine, ikafunguka. Niliendelea kufuta mpaka zikabaki nane, bado inafunguka. Zilipobaki saba ndipo ikakataa. Kisha nikaandika zile nane na kuongeza herufi za ovyo mwishoni, ikafunguka vilevile. Kijana wetu wa TEHAMA anasema ndivyo mfumo ulivyopangwa na hakuna aliyewahi kuibiwa. Nimwache au nimbane? – Mweka hazina, Morogoro

JIBU: Mbane, dada yangu, ila umbane kwa hoja, maana huenda mfumo huo aliukuta. Na kabla hujaendelea kusoma: uliniandikia nywila yenyewe ndani ya barua. Nimeifuta, lakini bado imebaki kwenye barua pepe ulizotuma, na imepita kwenye seva ambazo wewe na mimi hatuzijui. Ibadilishe leo. Hakuna mtu, hata mimi, anayehitaji kuiona ili akusaidie.

Sasa tuje kwenye zile nane. Tuseme nywila ni Kilimanjaro2019. Umehesabu herufi 15, umeweka herufi kubwa, umeweka tarakimu, umeridhika. Mfumo wenu umesoma Kilimanj ukaishia hapo. Ule mwaka wa mwishoni, ambao ndio uliokupa amani, haukusomwa hata siku ulipojiandikisha. Ni kama mlinzi wa geti anayekutaka utaje majina yako matatu, nawe ukishataja la kwanza tu anainua kizuizi. Anayebahatisha hana haja tena ya kupata herufi zote 15. Anatafuta neno linaloanza na hizo nane tu, na majina ya milima, mikoa na timu za mpira ni ya kwanza kujaribiwa na mtu yeyote anayetaka kuingia kwa mwenzake.

Kwa nini nane? Asili yake ni ya zamani. Mfumo ulioandikwa vizuri hauhifadhi nywila yako. Unaipitisha kwenye hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, unahifadhi matokeo tu, na matokeo hayo huitwa hashi. Ukija kuingia, ulichoandika kinapitishwa kwenye hesabu ileile na matokeo mawili yanalinganishwa. Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walieleza njia waliyoitumia katika Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye makala ya mwaka 1979. Hesabu waliyoichukua, DES, inahitaji ufunguo wa biti 56, na kila herufi ya nywila hutoa biti 7. Saba mara nane ni 56. Ufunguo umejaa, herufi ya tisa haina pa kukaa. Kwa kompyuta za wakati ule ilikuwa kazi ya kuheshimika, na wale wawili sina neno nao. Neno langu ni kwa anayeitumia leo kulinda fedha za watu.

Hata wakubwa wamekutwa nayo. Desemba 2010 kampuni ya habari ya Gawker ya Marekani ilivamiwa, na nywila za wasomaji wake zikaonekana zimehifadhiwa kwa njia hiyohiyo ya herufi nane. Mwezi uliofuata, Januari 2011, wateja wa Amazon wakagundua kwamba nywila zao za miaka ya nyuma zinafungua hata wakiongeza herufi baada ya ile ya nane, na hata wakibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo. Aliyebadilisha nywila pale Amazon tatizo lilimwondokea, kwa sababu ile mpya ilihifadhiwa kwa njia mpya.

Kwa hiyo ukishaibadilisha ya kwako, rudia jaribio. Ikikataa unapopunguza herufi moja, basi wenye tatizo ni wanachama wenye rekodi za zamani tu, na kazi ni kuwatafuta. Ikikubali tena nane, mfumo wenyewe ni mbovu mpaka leo. Tazama pia vidoti vinavyojitokeza unapoandika. Kuna fomu zinazokata nywila kwenye kisanduku chenyewe, kabla haijafika kwenye seva: unabonyeza herufi 15, vidoti vinakoma kwenye cha nane au cha kumi na mbili, na hakuna neno unaloambiwa. Kosa hilo ni jingine na kulitengeneza ni rahisi zaidi.

Kijana wenu akishikilia kwamba hakuna tatizo, mwombe afungue jedwali la wanachama kwenye kanzidata, aende kwenye safu ya nywila na ahesabu urefu wa kilichomo. Hashi ya DES ya zamani ina herufi 13 kamili. Mbili za mwanzo ni chumvi, yaani nyongeza ya kubahatisha inayofanya watu wawili wenye nywila moja wasipate hashi moja. Hashi ya bcrypt, njia mpya zaidi, ina herufi 60 na huanza na $2b$ au $2y$. Ya Argon2, njia iliyoshinda shindano la kimataifa la kuhifadhi nywila mwaka 2015, huanza na $argon2. Akikuta 13, ubishi umekwisha. Akikuta nywila zenyewe zimeandikwa kama zilivyo, nipigieni simu siku hiyohiyo kupitia ofisi ya jarida.

Akikubali kubadilisha, kuna mtego ambao nimeukuta kazini na unaumiza wanachama wasio na kosa. Desturi ya mafundi ni kumsubiri mwanachama aingie, kuichukua nywila aliyoandika baada ya kukubaliwa, na kuihifadhi upya kwa njia mpya bila kumsumbua. Kwenye mifumo mingine ni sawa kabisa. Kwenye wa kwenu si sawa, kwa sababu kilichothibitishwa ni herufi nane za mwanzo tu. Mwanachama aliyeteleza kidole kwenye herufi ya kumi siku hiyo ataingia, kosa lake litahifadhiwa kuwa ndiyo nywila mpya, na kesho yake akiandika ile anayoijua atakataliwa. Atakuja dirishani kwenu analalamika, ataambiwa amesahau, naye hakusahau. Bora kila mwanachama aweke nywila mpya, muwaite kwa makundi, na wasio na barua pepe waje ofisini na kitambulisho.

Na msidhani bcrypt imemaliza kila kitu. Nayo ina kikomo chake, baiti 72. Baada ya hapo haisomi. Kwa herufi zetu ni nafasi ya kutosha, kila herufi ni baiti moja. Anayeandika nywila kwa herufi za Kiarabu, na huku pwani wapo, kila herufi inamchukulia baiti mbili, kwa hiyo zinasomwa 36. Ni nyingi bado. Shida huja fundi anapochanganya vitu vingine na nywila kabla ya kuipitisha. Kampuni ya Okta, ambayo kazi yake hasa ni kuthibitisha watumiaji kwa niaba ya kampuni nyingine, ilitengeneza ufunguo wa kumbukumbu ya muda kwa kuunganisha namba ya mtumiaji, jina lake la kuingilia na nywila, kwa mpangilio huo, kisha ikapitisha vyote kwenye bcrypt. Mwenye jina la kuingilia la herufi 52 au zaidi alijaza nafasi yote kabla nywila haijafikiwa. Kama aliwahi kuingia vizuri hapo awali, na seva ya kampuni yake ikawa haipatikani kwa wakati huo, na hakukuwa na uthibitisho wa pili, aliweza kuingia kwa nywila yoyote. Kosa hilo liliingia tarehe 23 Julai 2024 na likaondolewa tarehe 30 Oktoba 2024. Barua pepe ya kazini yenye jina refu na jina la kampuni refu hufika herufi 52 bila shida.

Kuhusu ile hoja kwamba hakuna aliyewahi kuibiwa: muulize angejuaje. Mtu akiingia kwa Kilimanj, kumbukumbu za seva zitaandika kwamba umeingia wewe, mweka hazina, saa fulani, na kuidhinisha mkopo fulani. Wewe ndiye utakayeitwa kujieleza mbele ya bodi. Kwa hiyo iandikie bodi sasa, kwa barua yenye tarehe, ueleze ulichofanya kwenye akaunti yako na kilichotokea, na ubaki na nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde ipasavyo, na SACCOS inakusanya za kila mwanachama. Bodi ikinyamaza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inapokea malalamiko.

Jambo moja nalisisitiza kwa wasomaji wote. Jaribio hili lifanyeni kwenye akaunti zenu tu. Kuingia kwenye akaunti ya mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama mlikuwa mnataka kuthibitisha ubovu wa mfumo, hata kama hamkugusa shilingi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Eldoret. Nimewatengenezea mama na wenzake wa sokoni mfumo mdogo wa kuweka hesabu za chama chao, kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Nywila nazihifadhi kwa MD5, njia ya zamani ya kutengeneza hashi, na mtu akiingia ninalinganisha kwa alama mbili za sawasawa (==). Rafiki yangu wa darasani alifungua akaunti ya majaribio yenye pasiwedi 240610708, kisha mbele ya macho yangu akaingia kwa kuandika QNKCDZO. Nimeangalia msimbo wangu mstari kwa mstari, sioni kosa. – Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya jambo jema kuwatumikia mama zako, na rafiki yako amekufanyia hisani kubwa. Chapisha hizo hashi mbili kwenye skrini utazame. Ya 240610708 ni 0e462097431906509019562988736854. Ya QNKCDZO ni 0e830400451993494058024219903391. Zinatofautiana kabisa. Ila zote zinaanza na sifuri na herufi e, kisha ni tarakimu tupu hadi mwisho. PHP ikikutana na alama mbili za sawasawa, na pande zote mbili zikafanana na namba, inazilinganisha kama namba. Na kwenye namba, hiyo e maana yake ni mara kumi kwa kipeo. Sifuri mara kumi kwa kipeo chochote ni sifuri. Sifuri ni sawa na sifuri. Amepita.

Hilo halijaondoka kwenye PHP 8. Waliporekebisha ulinganisho waligusa namba dhidi ya maneno yasiyo namba. Maneno mawili yanayofanana na namba bado yanalinganishwa kwa namba. Alama tatu za sawasawa zingekuokoa hapo, lakini usiishie hapo. Hashi ya MD5 ya sura hiyo hupatikana takriban mara moja katika milioni 340, kwa hiyo mama wa sokoni hataipata kwa bahati mbaya. Linalonitia wasiwasi zaidi ni MD5 yenyewe: ilitengenezwa iwe ya haraka, na haraka ndiyo anayoitaka aliyeiba jedwali lako na kukaa nyumbani akibahatisha nywila mamilioni kwa sekunde. Tena hukutaja chumvi popote.

Futa mistari hiyo yote. Tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013 kuna password_hash ya kuhifadhi na password_verify ya kuhakiki. Chumvi inajiweka yenyewe, ulinganisho umeshaandikwa na watu waliofikiria mambo haya kwa miaka, na wewe hubaki na alama ya sawasawa ya kukosea. Safu ya nywila kwenye kanzidata ipe urefu wa herufi 255. Nimewahi kuona safu ya herufi 50 ikikata hashi ya 60, kila mtu akashindwa kuingia, na fundi, badala ya kurefusha safu, akaandika msimbo wa kulinganisha herufi 50 za mwanzo. Ukilinganisha kwa mkono kitu kingine cha siri, kama msimbo wa kiungo cha kubadilishia nywila, tumia hash_equals, ambayo haitoi jibu haraka zaidi kwa anayekosea mapema.

Umesema huoni kosa. Usivunjike moyo, maana kosa la aina hii halionekani kwa kusoma tu, na wamelipitisha watu wenye idara nzima za ukaguzi. Juni 2012 ilitangazwa kwamba matoleo kadhaa ya MySQL na MariaDB, programu za kanzidata, yanaweza kumpokea mtu kwa nywila yoyote. Kitendo cha kulinganisha kilirudisha namba: sifuri ikiwa vitu viwili ni sawa, namba nyingine ikiwa si sawa. Waandishi waliichukua namba ile na kuibana ndani ya baiti moja. Kwenye baadhi ya mashine kitendo hicho kilirudisha namba kubwa kuliko baiti moja, na mara moja katika 256 kipande kilichobaki baada ya kubanwa kilikuwa sifuri. Anayejua jina la mtumiaji, na root, jina la msimamizi mkuu, lipo karibu kila mahali, alirudia nywila ileile mbovu mara mia chache ndani ya sekunde chache, akaingia.

Mei 2017 ilikuwa zamu ya Intel. Kompyuta nyingi za ofisini zina sehemu inayoitwa AMT, ya kuzisimamia kwa mbali kupitia ukurasa wa wavuti, hata kama kompyuta imezimwa mradi umeme upo. Msimbo wake ulilinganisha jibu sahihi na jibu lililotumwa, na ukauliza: nilinganishe herufi ngapi? Ukachukua urefu wa jibu lililotumwa na mgeni. Mgeni akituma jibu tupu, urefu ni sifuri. Msimbo ukalinganisha herufi sifuri, haukuona tofauti yoyote, ukamkaribisha kama admin. Mwanangu, hicho kisa kisome mara mbili. Anayehakikiwa ndiye aliyepewa nafasi ya kuamua ahakikiwe kiasi gani.

Na Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, Jumapili ya tarehe 19 Juni 2011. Waliweka sasisho la msimbo saa 7:54 mchana kwa saa za California, huku kwetu ikikaribia saa sita usiku. Tangu hapo mpaka saa 11:46 jioni yao, takriban saa nne, akaunti iliweza kufunguliwa kwa nywila yoyote. Kampuni ilisema walioingia katika muda huo hawakufika asilimia moja ya watumiaji, ikafunga vikao vyote vilivyokuwa wazi. Nywila sahihi zilifanya kazi saa zote nne. Aliyeandika yake vizuri hakuona lolote la ajabu.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujawarudishia mama zako mfumo, uandike majaribio yanayojiendesha kila unapogusa msimbo, na mengi yake yawe ya kukataliwa. Nywila tupu ikataliwe. Yenye herufi moja pungufu, yenye moja ya ziada, yenye herufi kubwa mahali pa ndogo. Nywila ya mama Wanjiku kwenye akaunti ya mama Chebet, kwa kuwa nimeshaona mfumo uliotafuta hashi popote kwenye jedwali bila kujali ni ya nani. Nywila sahihi ya mwanachama aliyeondoka chamani. Orodha mahali panapotarajiwa neno, maana PHP za kabla ya 8 zilikuwa zinatoa onyo na kuendelea, na matokeo matupu yakahesabiwa kuwa sifuri. Kisha weka kikomo cha kujaribu. Hata ulinganisho usio na dosari unashindwa na mtu anayeruhusiwa kujaribu bila mwisho: mwaka 2016 mtafiti Anand Prakash alionesha kwamba kurasa za majaribio za Facebook hazikuhesabu makosa kwenye msimbo wa tarakimu sita wa kubadilishia nywila, na tarakimu sita ni milioni moja tu. Walimlipa dola 15,000.

Ukimaliza niandikie. Na mwambie rafiki yako ampelekee mwalimu wenu jaribio lake alione.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Nimeingia Facebook kwa simu, nikaona herufi ya kwanza ya pasiwedi imejiandika kubwa na si hivyo nilivyoiweka. Ikakubali. Kwenye kompyuta nikajaribu nimewasha kitufe cha herufi kubwa, ikakubali pia. Je, nimevamiwa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Hujavamiwa, na hili si kosa. Tangu 2011 inajulikana hadharani kwamba Facebook inakubali sura tatu za nywila yako: ile uliyoiweka, ile ambayo herufi kubwa na ndogo zimegeuzwa zote, na ile ambayo herufi ya kwanza imefanywa kubwa na simu. Seva inajaribu ulichoandika. Kikikataliwa, inageuza herufi na kujaribu tena dhidi ya hashi ileile moja. Badilisha herufi moja ya katikati uone, itakukatalia.

Tofauti na barua ya Morogoro ni kwamba hapa mtu ameketi, akahesabu anachopoteza, akaamua. Anayebahatisha anapata faida isiyozidi mara tatu, na hiyo haitoshi kumfikisha kwenye nywila ndefu. Mwaka 2016 watafiti wa Cornell na wenzao wa Dropbox walipima makosa ya uandishi kwenye huduma halisi, wakaona kwamba makosa machache ya namna hii yanawafungia nje watu wengi ambao nywila zao wanazijua, na kwamba yanaweza kusahihishwa kwa usalama. Mimi naikubali hoja yao kwa mtandao wa kijamii. Kwenye benki au SACCOS ningetaka nione hesabu yao kwanza, kwa maandishi.

SWALI: Dada, habari za kazi. Nimejaribu tovuti ya shule anayosoma binti yangu, ambako tunaangalia matokeo na kulipa ada. Imekataa kila nywila mbovu niliyoandika, nikafurahi. Kisha siku nyingine nikasahau nywila kweli, nikabonyeza "nimesahau", na dakika moja baadaye nikaletewa barua pepe yenye nywila yangu ileile. Ni huduma nzuri, au kuna kitu? – Mzazi, Mwanza

JIBU: Kuna kitu, kaka, na nashukuru umeuliza, kwa sababu jaribio nililowapa halikamati hili. Tovuti hiyo inalinganisha vizuri. Ila imeweza kukurudishia nywila yako, maana yake inayo. Ama imeiandika kama ilivyo, ama imeificha kwa njia inayofunguka, na aliyefungua kwa ajili yako anaweza kuwafungulia wengine. Kwa hashi hilo haliwezekani; wangeweza tu kukutumia kiungo cha kuweka nywila mpya, kinachokufa baada ya muda mfupi na kutumika mara moja.

Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani ilivamiwa ikiwa na nywila milioni 32 zilizoandikwa waziwazi. Orodha ile ilisambaa mtandaoni na mpaka leo ndiyo wanayoanza nayo wanaobahatisha. Zaidi ya watu 290,000 walikuwa wametumia 123456. Hata wanaotumia hashi huteleza: Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wabadilishe nywila baada ya kugundua kwamba zilikuwa zinaandikwa wazi kwenye kumbukumbu za ndani kabla ya kupitishwa kwenye hashi. Machi 2019 Facebook nayo ikakiri kwamba nywila za mamia ya mamilioni ya watu zilikuwa zinasomeka na wafanyakazi wake kwa namna hiyo.

Fanya haya leo usiku. Futa barua pepe ile, na uiondoe pia kwenye takataka. Kama nywila hiyo uliitumia mahali pengine, na hasa kama ndiyo ya barua pepe yako yenyewe, ibadilishe huko kwanza, shule baadaye. Kwenye tovuti ya shule weka nywila ambayo huitumii popote, ikiwa ndefu na ya kubuniwa na programu ya kutunza nywila, ili siku jedwali lao likiibwa, mwizi apate ya shule na isimfikishe kokote kwingine.

Kisha mwandikie mkuu wa shule, usimwandikie mtengeneza tovuti. Mwambie hivi: "Tovuti ya shule imenitumia nywila yangu kwa maandishi ya wazi tarehe fulani. Naomba kujua nywila za wazazi zimehifadhiwaje, nani anaweza kuzisoma, na lini utaratibu huu utaondolewa." Taja sheria ile niliyoitaja kwenye jibu la Morogoro, kwani taarifa za watoto zimo humo ndani. Usimtishe, walimu wengi waliuziwa mfumo na hawajui kilichomo. Akikujibu, niletee jibu lake. Wazazi wengine wa Mwanza wameniandikia juu ya tovuti inayofanya vivyo hivyo, nami ningependa kujua kama wote mmeuziwa na mtu mmoja.